Waliokuja Kilioni Kupima Soko

Kuna siku hainitoki kichwani, mwanangu, nayo ni ile niliyomwona mama yangu ukutani mwa chuo. Alikuwa ameketi kwenye godoro chini, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Chini yake waliandika kwa Kifaransa: mteja wetu.

Nilikuwa nasoma biashara hapa Goma, na somo tulilolipenda kuliko yote lilikuwa ujasiriamali. Tuligawanywa kwa vikundi. Kila kikundi kilitafuta shida ya watu, kikabuni kampuni ya kuitatua, kisha mwisho wa mwaka kingeieleza mbele ya wageni. Profesa wetu alipenda kutuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sikujua kama wenzangu wangeinama hadi chini ya godoro la mfiwa.

Baba alifariki katikati ya mwaka. Unajua desturi yetu: mtu akifiwa, avenue nzima, yaani mtaa wote, inahamia kwake. Huyu analeta sufuria, yule benchi, mwingine turubai la kukinga mvua, na wanawake wanapika hadi watu watawanyike. Hakuna anayelipwa, kwa maana kesho kilio ni chako. Kikundi changu kilikuja pia, kikiongozwa na Kambale, kijana mpole mwenye maneno matamu. Alibeba maji, akamletea mama chai, akaketi karibu naye na kumwuliza polepole ni nani aliyetuazima sufuria, viti vimetoka wapi, na wageni wanakula nini.

"Huyu mutoto iko na roho muzuri," mama aliniambia.

Nami nikamsifu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kumbe hayo yote alikuwa anayakusanya kwa ajili ya kampuni yao: kuwakodishia wafiwa vyombo ambavyo majirani huleta bure. Niliporudi chuoni nilikuta wako kwenye mazoezi, kila kitu tayari, jina langu limo, na mama, aliyepigwa picha bila kujua, anang'aa ukutani. Nilimwomba Kambale aitoe ile picha. Alicheka kidogo, bila ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Dada, usikasirike. Ile njo étude de marché, kupima soko. Bila ile sura, wageni hawatasikia kitu."

Nikaenda kwa profesa. Alinipa pole, akanivutia kiti, kisha akasema mfanyabiashara hulia kwa jicho moja tu, la pili linaangalia soko. Akaongeza kwamba nikiharibu kazi ya kikundi nitapata sifuri, na bila somo lile mwaka wangu umekufa. Alijua vizuri kwamba baba hayupo tena, na kwamba baba zangu wadogo hawangekubali kunisomesha mwaka wa kurudia.

Nilirudi nyumbani nimeamua kunyamaza. Shangazi Masika, dada ya baba, aliyebaki kwetu tangu mazishi, alinikuta nachambua maharagwe bila kuyaona. Nikamweleza. Hakunibembeleza.

"Bale balikuja kuiba," akasema. "Sasa weye ukinyamaza, ni weye umebafungulia mulango."

Siku ya wageni ilipofika nilisimama na kikundi mbele ya ukumbi uliojaa. Kambale alizungumza vizuri mno. Picha ilipotokea watu waliguna kwa huruma, na wengine wakaandika. Nikasogea mbele ya ile picha.

"Huyu ni mama yangu," nikasema. "Kilio ni cha baba yangu. Hawa walikula chakula chetu, na mama hakujua kama banamupima. Muitoe."

Picha ikatolewa. Lakini kikundi kilipigiwa makofi hata hivyo, kikapewa zawadi, na mimi nikapewa sifuri yangu. Ndipo masomo yangu yalipoishia, na sijawahi kulificha.

Nilipomsimulia mama, aliuliza tu alivyovaa pichani.

"Na kile kitambaa cha zamani?"

Nikamwambia ndiyo, kicho hicho.

"Bangeniambia, ningevaa mupya."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu baba atutoke. Halafu akalia. Naye tumemzika mwaka huu, mwanangu, na kila aliyeingia uani nilimtazama nikijiuliza amefuata nini. Watu wema walinipa pole na mimi nikawapima kwa macho. Hilo ndilo nisilowasamehe wale wenzangu.

Kukodisha viti si dhambi. Wengi mjini wanakula kwa kazi hiyo, na ninawaheshimu. Soma ujasiriamali, fungua duka, uza, pata. Lakini ukiingia kwa mfiwa, ingia kulia naye, au baki kwako. Usichukue uso wa mtu wala maneno ya uchungu wake kabla hajatulia na kukuruhusu. Na mwalimu akikuambia kwamba hiyo ndiyo akili ya biashara, mkatalie, hata kama ameshika alama zako. Sitakudanganya kwamba utashinda. Mimi sikushinda.

Mungu akupe kazi itakayokushibisha na ambayo hutaona haya kumweleza mama yako. Abariki mikono yako isiguse kisicho chako. Na siku utakapofiwa, wanaokuja kwako waje kwa ajili yako tu.