Siku Kipaza Sauti Kilipotangaza Yangu

Habari hii huwa siianzi mwenyewe, ni mke wangu ndiye hupenda kuitoa wageni wakishashiba, na mimi hubaki natazama sahani tu, kwa sababu hata leo nikiikumbuka masikio yananiwaka. Basi leo nitaisimulia mimi, angalau niisimulie kwa haki.

Miaka ya hamsini ikianza nilikuwa fundi redio katika duka la Bwana Jivraj pale Morogoro mjini. Ufundi niliupata jeshini wakati wa vita, nikarudi najiona mtu hasa (suruali imenyooka, bisibisi mfukoni, kila anayepita aione). Bwana Jivraj alikuwa akikodisha kipaza sauti kwa sherehe, na siku hiyo misheni moja ya kule juu milimani, mbele ya Mlali, ilikuwa inabariki kengele mpya, akanituma mimi. Nilifurahi kupita kiasi, maana kijiji kile ndiko alikotoka Veronika, binti wa kwaya niliyekuwa nimempelekea posa, na posa yenyewe ilikuwa bado haijajibiwa. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba wake, Mzee Alois, ndiye aliyepangiwa kutoa hotuba ya kuwakaribisha wageni.

Tulipandisha mashine kwa mabega, betri ya gari imefungwa kwenye mti uliobebwa na wanaume wawili, na tulipofika manyunyu yalikuwa yameanza, kwa hiyo nikaiweka ndani ya kanisa, karibu na kinanda. Spika nikaifunga juu ya nguzo huko nje, imeelekezwa bondeni walikokaa watu. Mashine yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Sauti tatu zinaingia, maiki ya jukwaani nje, maiki ya kwaya pale ndani, na santuri, lakini inayotoka kwenye spika ni moja tu, na kinachochagua ipi ipite ni swichi ya kuzungusha yenye alama tatu. Ukizungusha hapa anasikika mzee, ukizungusha pale inasikika kwaya, basi.

Nikajaribu. Jukwaa safi, santuri safi, kwaya inakwaruza. Sasa fundi yeyote aliyefundishwa anajua hapo, kama santuri inatoka safi basi mashine ni nzima na spika ni nzima, ugonjwa uko kwenye maiki ya kwaya au waya wake, kwa hiyo unaupapasa ule waya polepole mpaka ukute palipokatika. Nilijua. Lakini kupapasa waya sakafuni kwa magoti si kazi ya kupendeza, na Veronika alikuwa amesimama pale na wenzake wananitazama, akaniuliza, "Imeharibika?"

"Ndogo tu hiyo," nikamwambia, nikafungua boksi.

Wasichana wakasogea waone matumbo ya mashine, nami nikazidi. Nikazing'oa nyaya zote kwenye swichi, nikasugua, nikaomba makaa jikoni kwa masista nipashe chuma cha kulehemu, nikazirudisha moja moja kwa madaha, bila kuwa nimeweka alama ipi ilitoka wapi. Nilipomaliza padri alikuwa tayari anaita watu wakae, nikajaribu santuri peke yake, ikaimba vizuri, nikafunga boksi.

Kwaya ikatoka kwenda kusikiliza hotuba. Nikazungusha swichi kwenye alama ya jukwaa. Dirishani nikamwona Mzee Alois anafungua mdomo, anafunga, na spika kimya. Kumbe maiki ya jukwaa nilikuwa nimeiunga mahali pa kwaya, na ya kwaya mahali pa jukwaa, kwa hiyo iliyokuwa hai ni ile iliyosimama mbele ya pua yangu.

Thobias, mpiga kinanda, akaniuliza, "Mbona mzee hasikiki?"

Nikamjibu huku nimeinamia mashine, "Afadhali wapumzike. Nimeambiwa hotuba zake zinaanza watoto wakiwa wachanga zinaisha wameota ndevu. Mimi namvumilia kwa ajili ya Veronika tu. Yule binti akinikataa, Thobias, sijui nitaishi vipi."

Huko nje nikasikia sauti inakwaruza kwa mbali, kisha watu wakacheka. Nikafurahi. "Umesikia? Ameshaanza kusikika," nikasema, "na leo kapata la kuchekesha, mzee wa watu." Wakacheka zaidi.

Thobias akasimama, akasikiliza. "Ndugu yangu," akaninong'oneza, "hiyo sauti ya huko nje ni yako."

Nikaikamata swichi niizime, nikaizungusha kwenye santuri, muziki wa dansi ukamwagika mlimani kote, na padri yuko pale amevaa tayari kwa baraka. Mwishowe nikavuta waya wa betri. Pakawa kimya, nikamsikia Mzee Alois anaendelea kwa koo lake mwenyewe, na akamaliza upesi kuliko alivyowahi kumaliza.

Ilibidi nipite mbele yao wote kwenda kumwomba radhi.

"Shikamoo, baba. Nimekukosea."

"Marahaba. Hizo ndevu za watoto, nani alikueleza?"

Kabla sijamtaja mtu akasema, "Mke wangu ananiambia hivyo tangu ujana, nilidhani ni ugomvi wa nyumbani. Nenda ukatengeneze mashine, kwaya inasubiri."

Nikarudi, nikapiga magoti, nikaupapasa ule waya, na sikufika mbali nikakuta umekatika karibu na kichwa cha maiki, nikauunga, nikarudisha na waya wa betri. Kwaya ikaimba, ikasikika hadi mashambani.

Jioni Veronika alinisindikiza mpaka kwenye mteremko. Hakucheka. Akasema, "Wengine huleta mshenga akaseme taratibu. Wewe umewaambia watu wote pamoja na mapadri. Mjomba amesema mtu aliyesikika hivyo hana tena pa kujificha, afadhali apewe jibu." Na jibu likaja, ndiyo maana anaisimulia mezani kwangu.

Tangu siku ile sifungui boksi kabla sijakagua waya wa nje, na sing'oi waya kabla sijaufunga uzi wa rangi yake. Na nikiwa karibu na maiki, iwe imewashwa au imezimwa, mimi huongea habari za mahindi tu.