Bahari ya Tororo

Madamu Kevina Taaka amefundisha darasa la sita kwa miaka kumi na moja katika shule moja ya Masinya, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Ni mfupi, ana sauti ya kutosha watu wawili, na ana tabia ambayo walimu wenzake hawaipendi: mtoto akikosa jibu, yeye hukaa kufikiri ni wapi alikosea mwenyewe. Wenzake hufikiria chakula cha mchana.

Mwaka jana aligundua kwamba watoto wanaosinzia kwenye hesabu wanakumbuka kila ngumi waliyoiona Jumapili katika kibanda cha video. Hakuwagombeza. Alikwenda kwa mwenye kibanda, Jonan, akaazima filamu ya jamaa wa koti la bluu anayeruka angani na kuinua basi kwa mkono mmoja. Jonan ni vijei, yaani yule anayeweka sauti yake juu ya filamu ya Kizungu, akieleza kila kinachotokea na kuongeza chumvi pale ilipopungua, na hata pale isipopungua.

Darasa lilifunika madirisha kwa blanketi, likatazama nusu saa, kisha kazi ikaanza. Basi lina kilo elfu kumi na mbili, jerikeni ya maji ina ishirini; jamaa ameinua jerikeni ngapi? Mia sita. Watoto wanaobeba moja moja kutoka kisimani wakatikisa vichwa kwa heshima. Kwenye sayansi walichora mkono wake na kujadili ungevunjika wapi. Kwenye dini walibishana kama ni halali kumficha mama yako kwamba unaruka. Kwenye uandishi, waliandika barua ya muuza nyanya ambaye jamaa alimtupia basi juu ya kibanda alipokuwa akiokoa mji. Akiror, binti wa mzee Emojong, aliandika: "Asante kwa kutuokoa. Nyanya zangu umeziona?"

Shida ilikuwa chumvi ya Jonan. Katika mdomo wake mji ule wa Wazungu ni Tororo, mji wa jirani usio na bahari wala ziwa. "Huyu ni kijana wa Paya, hapo jirani na Tororo," anasema, "ametoka juu ya Mwamba wa Tororo, sasa anashuka bandarini." Na kweli nyuma yake meli zinapita. Kevina alicheka. Watoto nao walicheka, akadhani wanacheka kwa sababu hiyohiyo.

Mtihani wa muhula ukauliza: taja vitu viwili vinavyopatikana Tororo. Kati ya watoto arobaini na wanane, ishirini na watatu waliandika bandari. Mmoja alichora na meli. Tororo haifiki hata saa moja na nusu kwa bodaboda, lakini nusu ya darasa haijawahi kuikanyaga.

"Madamu," Hedimasta Mangeni alimwambia, "tulikupa chaki, wewe umepeleka bahari Tororo."

"Nimeona, Hedimasta."

"Wazazi wanakuja Ijumaa. Wakikataa filamu, unakwenda darasa la kwanza. Kule ni a, e, i, o, u. Hakuna meli."

Kevina hakulala vizuri wiki ile. Anaamini ni katika darasa la sita ambapo mtoto wa Masinya huamua kimoyomoyo kama shule ni yake au ni ya watu wengine. Wengi wakiamua vibaya, unawakuta mpakani wakisukuma mizigo.

Ijumaa mzee Emojong alisimama wa kwanza. "Mimi nauza ng'ombe Tororo tangu ujana. Kama kuna bahari, wamenificha." Watu wakacheka. "Lakini mtoto wangu alinibishia, Madamu. Mimi, baba yake. Akasema, baba, Jonan ameonyesha kwa video."

Hapo hakuna aliyecheka.

"Kosa ni langu, mzee," Kevina alisema. "Nimewafundisha kupima basi. Sikuwafundisha kumpima anayeongea. Nipeni wiki tatu, halafu muwape mtihani tena."

"Na filamu?" aliuliza mama Syprose, mwenyekiti wa wazazi.

"Ibaki, na sauti ya Jonan ibaki. Ule uongo ndio somo."

Watu waliguna. Syprose akawaacha wamalize. "Wiki tatu. Bahari ikibaki, wewe unahama."

Basi watoto waliandika kila neno la Jonan, na kando yake: amejuaje, na sisi tumuulize nani? Waliuliza ramani, wakauliza madereva wa malori, wakamuuliza nesi mmoja wa hospitali ya Masafu. Mwishowe wakamwita Jonan mwenyewe mbele ya darasa.

"Vijei, ulijuaje jamaa anatoka Paya?" aliuliza Akiror.

"Nilitaka mfurahi."

"Tulifurahi. Lakini mimi nilikosa alama."



Mtihani ulipokwisha, Hedimasta alisahihisha mwenyewe. Kwenye karatasi ya Akiror alisimama: "Tororo kuna mwamba na kiwanda cha saruji. Baba ameviona. Bahari iko Mombasa, hiyo nimeambiwa tu."

"Hii ya mwisho hatukuuliza," alimwambia Kevina. "Unaipa alama?"

"Ningempa mbili."

Akaendelea hadi karatasi ya arobaini na nane, akavuta moja pembeni. Juu yake kulikuwa na bandari, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Bahari imebaki, Madamu."

"Imebaki," Kevina alijibu.

Hedimasta aliitazama karatasi ile, kisha zile arobaini na saba. "Kwa mtoto mmoja? Hilo ni dimbwi," alisema. "Likaushe Jumatatu, darasani kwako."