Matembele ya Champaben

Champaben ana miaka sitini na mmoja. Amezaliwa Mwanza, anashona sare za shule, na hali nyama, samaki wala mayai. Hilo la mwisho amelieleza maisha yake yote, katika mji ambao mtu asiyekula samaki hudhaniwa mgonjwa.

"Daktari amekukataza?"

"Dini."

"Pole sana."

Mwezi uliopita alilieleza wiki nzima. Bernadeta, mkata vitambaa wake kwa miaka kumi na tisa, alikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake, Queen, nyumbani Buzuruga. Kwenye harusi ya kaka yake Queen, Champaben alikunywa soda tu. Bibi Sabina, mama mkwe wa Bernadeta, akatangaza kwamba Mhindi yule anawaonea kinyaa.

"Mama Champa, safari hii ule," Bernadeta alimsihi. "Usipokula, bibi atanisema mpaka niingie kaburini."

Basi Jumatatu Champaben alimpigia simu Justa, kiongozi wa wapishi.

"Mimi nipikie maharage tu."

"Niweke dagaa kidogo, yapate ladha?"

"Dagaa ni samaki."

"Hata wale wadogo?"

"Hata wadogo, Justa."

"Basi nitawasaga, hutawaona."

Jumatano alieleza tena. Ijumaa Justa aliapa: maharage matupu, kwenye sufuria yake.

Jumamosi sufuria hiyo ilikuwepo kweli, imefunikwa. Champaben alikuwa ameshanawa mikono Justa alipochomoa mwiko kwenye mchuzi wa sato, akaukung'uta mara moja, akakorogea maharage.

"Justa!"

"Si nimeukung'uta, mama? Hakuna hata tone."

Kwenye kiti chake, Bibi Sabina alikuwa akiitazama sahani tupu ya Mhindi.

Champaben hakueleza tena. Alikusanya sari yake magotini, akaomba sufuria safi, akaketi kwenye kigoda kati ya wapishi na kuanza kuchambua matembele.

Bernadeta alishika kichwa. "Mama Champa, unaniua."

"Mgeni anajipikia kwangu?" aliuliza Bibi Sabina.

"Shikamoo, Bibi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina miaka kumi na tisa hapa. Nipisheni jiko."

Bibi hakuitikia. Aliinuka na mkongojo wake, akaja kusimama kando ya jiko, akasimama hapo mpaka matembele yakaiva. Kisha akaagiza ugali na sahani mbili.

Walikula pamoja. Bernadeta alihesabu matonge ya bosi wake. Lilipofika la tano, akapumua.

"Marahaba," Bibi Sabina alisema hatimaye, akijilamba vidole. Akamgeukia Justa. "Matamu. Mayu, mama huyu, akija tena, mpikie haya haya. Ila uweke na dagaa."

Champaben alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Bibi," akaanza upya, "dagaa ni samaki."