Tawi Bichi Njia Panda

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaambiwa nimeificha. Mie, mtoto wa Nyamwage, niliyezaliwa msitu ukiwa nyuma ya choo chetu, niliyeaminiwa kuongoza watu, nilikutwa juu ya mti. Suruali imechanika nyuma kuanzia mkanda mpaka gotini, wale sisimizi wekundu tunaowaita maji moto wamenijaa kiunoni, na namwita Mungu kwa sauti ya mtu anayezama. Barabara ya lami ilikuwa hatua kama mia mbili tu. Ningefunga mdomo kidogo ningesikia malori. Lakini kufunga mdomo ni somo lingine nililoliacha shuleni, pamoja na hesabu.

Aliyenikuta ni mama mmoja mtu mzima, anachimba ming'oko, vile viazi vya porini. Akaweka jembe chini, akanitazama weee.

"Baba, unachuma nini huko?"

"Naangalia njia, mama."

"Njia ziko chini."

Chini ya mti walikuwepo wenzangu wawili. Rafiki yangu, aliyekuwa amebeba mizigo na sufuria, alicheka mpaka akakaa. Dada wa mradi hakucheka. Bora angecheka.

Kila nikisimulia hapa watu wanavunjika mbavu, na mie navunjika nao, ndiyo kazi yangu ya siku zote. Kilichobaki ndicho huwa sikisimulii, maana kilichobaki nikikikumbuka meno yananiuma. Nina hasira mpaka leo. Naweza kuwa natwanga mpunga, nikakumbuka, nikautwanga ukawa unga.

Ilikuwa hivi. Walikuja watu wa mradi na habari ya njia ndefu ya kutembea kwa miguu. Inaanzia huko delta kwenye mikoko, inapita mashamba, inaingia msituni, inakwenda mpaka upande wa hifadhi. Siku nyingi za kutembea. Wageni watakuja na mabegi mgongoni, watembee, walale porini, watembee tena. Mzee mmoja mkutanoni akauliza, "Hawana magari?" Akajibiwa wanayo, wameyaacha makwao. Tukacheka sana. Sisi tusio na magari tumeifanya kazi hiyo bure toka tulipoanza kusimama dede, kumbe ni utalii!

Ila kulikuwa na njia mbili za kuchagua. Moja inapita msitu wetu, nyingine inapita ng'ambo ya bonde, vijiji vingine. Dada wa mradi atazitembea zote mara moja moja, halafu ataandika ipi inafaa. Njia ikipita kwetu, kijiji kitatoa waongozaji, wapishi, na watu wa kuulinda msitu. Ikipita kule, basi imepita kule.

Akasimama mbele ya mkutano akauliza, "Nani anaijua njia ya kutoka upande wa Ngarambe mpaka hapa?"

Hakusema nani ana cheti. Hakusema aliyemaliza kidato cha nne asogee. Mie niliishia cha pili, mtihani na mimi tulikubaliana tusisumbuane, na toka hapo kila kazi niliyoifuata wameniuliza karatasi. Nimeulizwa karatasi mpaka kwenye kazi ya kumwaga zege. Leo mtu anauliza kitu ambacho kimo kwenye miguu yangu! Nilinyoosha mkono nusura nimtoe jicho jirani. Na rafiki yangu nikamshika shati nikamsimamisha, nikasema huyu ndiye mpishi. Anapika kweli. Chumvi anatia kama ya bure, lakini anapika.

Siku ya safari gari ilitushusha asubuhi mahali inapoishia, upande wa Ngarambe. Tulikuwa watatu. Kwa miguu ya kwetu ni siku moja, jioni unatokea Nyamwage. Dada ni mtu wa Mbeya, anatembea vizuri kuliko nilivyotegemea, na ana kimashine mkononi kinachoandika kila tulipopita. Nikamwonesha kinyesi cha tembo, nikamwambia tembo akija asihangaike, mie nitakuwa mbele. Siyo kwa ushujaa. Kwa mbio. Nikamwonesha mkongo, mninga, mti unaotibu tumbo na mti unaoliharibu. Kila kitu anaandika. Nakwambia nilitembea kama nimevaa suti.

Mchana tukafika njia panda. Ya kulia inakwenda Nyamwage, nimeipita toka sijatahiriwa. Ya kushoto inakwenda kwenye vichaka, zamani watu walifuata asali huko. Na pale kwenye ya kulia, katikati, limelazwa tawi bichi.

Kwa asiyejua: kwetu ukifika njia panda na kuna watu nyuma yako, unakata tawi unalilaza kwenye njia isiyopitwa. Huku kumefungwa. Labda umeona nyuki, labda nyati aliyejeruhiwa, labda mtego. Anayekuja nyuma haulizi. Hata kama aliyeliweka ni mbaya wako mmegombana mpaka kwa mwenyekiti, tawi lake unalitii. Tawi halisemi uongo. Mtu anaweza kukuibia kuku, akakusemea vibaya msibani, lakini njia haifungi kwa uongo. Ndivyo tulivyolelewa.

Babu yetu, mzaa mama, alikuwa na mtindo wake. Kitako cha tawi alikichonga ncha kama ya mkuki, na ncha anaielekeza kwenye njia unayotakiwa kuifuata. Nikainama kuangalia. Ncha ipo. Imechongwa vizuri, inatazama kushoto.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Mjinga mimi nilifurahi! Nikamwita dada aje apige picha.

"Hii ni barua," nikamwambia. "Ameandika mtu wa kwetu, leo hii asubuhi. Anatuambia huko kuna hatari."

"Nani?"

"Hatuulizi nani."

"Lakini wewe unaijua njia ya kulia?"

"Kama kiganja changu."

"Na ya kushoto?"

Hapo ndipo ningejifunza lile somo la kufunga mdomo. Nikasema, "Zote zinafika, dada."

Rafiki yangu akanivuta pembeni. "We, ya kushoto mara ya mwisho umeipita lini?"

"Na babu."

"Babu yako amekufa tukiwa darasa la tano."

"Msitu hauhami."

Msitu ulikuwa umehama, bwana. Saa nzima njia ipo, halafu ikawa uzi, halafu ikawa hakuna. Tukaingia kwenye upupu. Kama hujawahi kuingia kwenye upupu, omba Mungu ufe na ujinga huo. Dada alijikuna mpaka akasahau kimashine. Maji yakaisha. Kimashine chenyewe kikaonesha kwamba tumezunguka duara, tena duara zuri, hata mwalimu wangu wa hesabu asingelikosoa. Hapo ndipo nilipopanda mti kutafuta barabara, na yaliyobaki umeshayasikia.

Yule mama wa ming'oko alitutoa mpaka kwenye lami. Tulikuwa mbali sana na pale Nyamwage gari ilipokuwa ikitusubiri. Tukiwa njiani nikamuuliza, "Mama, ile njia kubwa wameifunga kwa nini? Kuna nyuki?"

Akanitazama kama vile alivyonitazama nikiwa mtini. "Nyuki gani? Wiki nzima kunalia misumeno kule."

Alisema kwa sauti ndogo. Dada alikuwa nyuma, hakusikia. Rafiki yangu alisikia.

Kesho yake tukarudi, mie na rafiki yangu. Tawi lilikuwa palepale, limeanza kunyauka. Tukalivuka. Mara yangu ya kwanza maishani kuvuka tawi, na mguu uliniwia mzito kama navuka kaburi. Hatukwenda mbali. Visiki vya mninga, kimoja, kingine, kingine, vinatoa ule utomvu mwekundu kama mtu kachinja. Shimo la kupasulia mbao. Unga wa mbao mpaka kwenye kifundo cha mguu. Njia yetu yenyewe, ile ya babu, imegeuzwa ya kuburutia magogo.

Rafiki yangu akasema, "Wakataji hawa ni wageni, wametoka mbali."

"Mgeni hachongi ncha," nikamwambia.

Aliyefundishwa ile ncha na babu ni wawili tu. Mmoja mimi. Mwingine kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa.

Nilimkuta kwake anaosha pikipiki.

"Umefunga njia, kaka."

"Nani kakwambia?"

"Ncha."

Akacheka! "Sasa mdogo wangu, mie si nilikuwa nawalinda? Gogo lingemwangukia yule dada wa watu ungesemaje?"

"Ulikuwepo mkutanoni. Ulijua tunapita siku ile."

"Ndiyo nikaweka. Yule anapiga picha mpaka kinyesi cha tembo, angeacha visiki vyangu? Sasa hivi ningekuwa kituoni. Ungefurahi?"

"Ningefurahi usingekata."

"Nile nini? Vichekesho vyako?" Akakamua kitambaa. "Na wewe kiongozi gani? Njia umeipita toka una kamasi puani, unaona jani unageuka kama mbuzi. Mwanamume angeliruka."

Hilo ndilo neno linalonitoa usingizini. Angeliruka! Sikuliruka kwa sababu ni lake! Kwa sababu babu alitushika mikono wote wawili akatufundisha kuchonga, na huyu alichonga vizuri kunishinda, na babu alimsifu yeye. Ameichukua sifa ile ile akanipoteza nayo. Nilimrushia ndala. Ilimkosa, ikaingia kwenye ndoo yake ya maji. Hata hasira zangu zina vichekesho. Nikarudi nyumbani na mguu mmoja peku.

Siku chache baadaye dada akatuma salamu kwamba anakuja ofisi ya kijiji kumalizia maelezo yake. Asubuhi hiyo mama mkubwa akaja kwangu. Hakusema shida yake. Alileta bada ya moto, ule ugali wa muhogo, na samaki, akakaa kwenye mkeka, akanitazama nakula mpaka nikamaliza. Nikanawa. Akasema, "Nyie wawili mmenyonya ziwa hili moja. Mama yako alipolazwa, wewe ulikuwa huku, yeye huku." Akainuka, akachukua bakuli lake, akaondoka.

Basi. Hakuniomba kitu. Na mie nimemkasirikia yeye pia, ikiwa unataka ukweli, nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Angeniomba ningemkatalia. Ningetoa hotuba! Lakini mtu kakutazama unakula, utamwambia nini?

Ofisini tulikaa kwenye benchi, mie na rafiki yangu. Yeye alivaa shati lake la Iddi. Dada akafungua daftari.

"Kaka, nataka nikutendee haki," akaniambia. "Njia yenu ni nzuri, nimeipenda. Lakini tulipotea, na lazima niandike kwa nini. Ile njia ya kulia ilikuwa na nini? Kama kuna sababu, nitaandika, na watakuja watu kuangalia, njia yenu itabaki. Kama hakuna sababu, nitaandika kwamba waongozaji wa hapa hawaijui njia. Tutapita ng'ambo."

Alisema wazi hivyo, kwa utaratibu, kama anamsomea mtoto. Hakuna aliyenidanganya pale. Mlango ulikuwa wazi, nimesimamishwa mbele yake, nimeambiwa hapa ndipo pa kuingilia.

Nikasema, "Nilichanganya, dada. Njia ya kulia haikuwa na kitu. Ni mimi tu kichwa changu. Shule sikumaliza."

Nikacheka. Yeye akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza, nikaisikia mpaka nukta.

Sasa wageni wanapita ng'ambo. Nimewaona mara moja, wameshuka Ndundu darajani kupiga picha mto, kofia kubwa, fimbo mbili mbili kama wanatembea kwenye theluji, na kijana mmoja wa kule mbele yao anawaonesha miti. Alikosea jina la mkongo. Nilimsikia kabisa. Na kaka yangu amenunua pikipiki ya pili, na tukikutana msikitini ananipa mkono, na mie naupokea, na kila nikiupokea natamani kumng'ata.

Siku ile tulipotoka ofisini rafiki yangu alitembea mbele mpaka kwake. Sufuria mbili kubwa alizoziazima kwa shemeji yake kwa ajili ya kazi zilikuwa zimefunikwa barazani. Nikajaribu, kama kawaida yangu. Nikasema afadhali, chumvi yako ingeua mgeni wa watu tukafungwa wote.

Hakucheka. Akaanza kufungua vifungo vya lile shati, taratibu, ili lisichafuke.

"Ndugu ni ndugu, sikulaumu," akasema. "Lakini ungenambia kabla, nisingevaa. Ningekaa nyumbani. Wewe umenikalisha pale mbele ya dada wa watu nimejipulizia na manukato, nimsikilize mwenzangu anaitupa kazi yangu. Aliponiangalia mie, nikamwitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, hujui njia. Mie ndiye niliyemwitikia, unasikia? Sasa usinichekeshe leo. Njoo kesho."