Nyekundu ya Kitambaa

Hakuzaliwa anaitwa Kitambaa. Jina alilipata kwa sababu hajaonekana bila kitambaa begani. Hata siku ya harusi alikuwa nacho, na mkewe hajamsamehe mpaka leo. Wala asimsamehe.

Kazi yake ilikuwa kutunza gari mbili. Mbili tu, na bado alirudi nyumbani hoi! Lakini hazikuwa gari za kubebea viazi. Zilikuwa gari za mbio za Ulaya, za wakati ule vita kuu ya pili imeisha juzi tu, watu hata sukari hawana, wenzao wanaunda vyombo vya kukimbizana. Zilitoka chache, ndiyo maana wenye hela zao wanazitafuta kama dawa. Nyekundu ilikuwa ya Mwitaliano: fupi, bati limegongwa kwa nyundo mpaka likaviringana, injini ndogo yenye kelele za mke mwenza. Kijani ilikuwa ya Mwingereza: pua ndefu, mifupa ya mbao, boneti imefungwa mkanda wa ngozi kama suruali ya mtu aliyekonda.

Tajiri mwenye gari hizo akafa. Mjane akasema moja inauzwa, nyingine itabaki, na wa kuchagua ni mnunuzi. Kitambaa chakula kikamshinda. Nyekundu ndiyo ilikuwa roho yake.

"Ikienda hiyo utakufa?" mkewe akamuuliza.

"Sifi. Nitabaki nakutazama wewe."

"Basi bora ufe."

Mnunuzi alipokuja, Kitambaa alikuwa ameiweka kijani mlangoni mwa banda, nyekundu ameisukumia pembeni na kuifunika turubai. Ujanja wa kitoto. Mtu kavua koti, kafunua turubai, kalala chali chini ya gari, kakwaruza kwa ukucha ndani ya mlango.

"Hii rangi kapaka nani?"

"Mimi, mzee. Kila ikififia narudia."

"Na viti?"

"Mimi pia. Vile vya zamani vilipasuka, vinatia aibu. Nikavichoma."

"Ukavichoma!" Mnunuzi akashika kichwa kama kapewa habari ya msiba.

Maana watu wa gari za kale hawataki upya. Wanataka rangi ya kiwandani hata ikibabuka, ngozi ileile hata ikipasuka kama kisigino. Kitambaa aliipenda nyekundu mpaka akaimaliza. Kijani alikuwa anaipangusa vumbi tu, basi, kama mtu anayesalimia shemeji asiyempenda.

"Hii hujaigusa?" mnunuzi akauliza, mkono kwenye kiti kilichochakaa cha kijani.

"Sikuwa na hamu nayo."

"Mungu akuzidishie kukosa hamu!" Akaichukua kijani.

Mjane alisubiri lori litoke getini, ndipo akamgeukia. "Umeharibu gari ya marehemu, wewe mzee! Sasa nani ataitaka? Itakaa humo, na utaitunza mwenyewe mpaka ufe!"

Aliona amemkomoa. Kitambaa akainamisha uso, akasema, "Ndiyo, mama," na hakuuinua mpaka alipofika kwake.

"Imeenda ipi?" mkewe akauliza.

"Ya Mwingereza."

"Wamekutukana?"

"Sana."

"Mbona meno yote nje, kama bwana harusi?"

"Nipe kitambaa kisafi. Kesho nina kazi."

Akamrushia usoni. Alikuwa amemfulia tangu asubuhi.