Mwenye Nyundo wa Kona ya Ukungu

Chini ya dirisha langu, hapa mjini, kuna watu wanaovunja mawe ya barabara tangu juzi. Ko, ko, kisha kimya, kisha ko. Wenzangu ninaokaa nao hawasikii kitu. Mimi, niliyemaliza masomo ya ualimu mwaka huu, na ambaye hata salamu fupi hunifanya nijiulize nimekosea wapi, nashindwa kutulia. Sauti ile inanirudisha kwetu Masisi, milimani, kwenye barabara ishukayo kuelekea Walikale, miaka ile baada ya vita vya Wazungu.

Kulikuwa na kona moja ambayo ukungu haukuondoka mpaka jua lipande juu kabisa. Hapo, walisema, alikaa Mwenye Nyundo: mzimu wa mtu aliyekufa wakati wa kukata barabara, asiye na kaburi, anayeendelea kuvunja mawe kwa sababu kapita, msimamizi wa kazi, hakumwambia kazi imekwisha. Alikuwa amesahau jina lake. Kwa hiyo ukipita hapo hutaji jina la mtu yeyote, asije akalichukua pamoja na mwenyewe. Unaokota jiwe, unalitupia kwenye rundo la pembeni, unapita kimya. Hata wanawake wa soko, waliopiga soga tangu kijijini, walinyamaza hapo kama watu wenye dawa chungu mdomoni. Bado nakumbuka harufu ya ndizi mbivu mgongoni mwa Mama Furaha, jirani yetu, na ubaridi wa jiwe kiganjani mwangu.

Mama yangu peke yake hakunyamaza. Kila tulipofika kwenye rundo alitua kikapu, akaweka jiwe taratibu kama mtu anayeweka yai, kisha akaita kwa sauti: “Bauma! Bauma!”

Wanawake walitimua mbio.

“Weye mama, unatuitia kifo!” Mama Furaha alifoka siku moja, ndizi zikimrukaruka mgongoni. “Huyu Bauma alikukosea nini?”

“Hakunikosea kitu,” mama alijibu. “Njo maana naita.”

Watoto wenzangu walinitania kwamba mzimu ungekuja kwetu kula ugali. Nilicheka nao, lakini jioni nilikagua komeo la mlango.

Nilipomuuliza mama, aliniambia. Bauma alikuwa kaka yake. Udongo wa mlima ulimfunika pale konani akivunja mawe, na wenzake wakaamriwa waendelee na kazi. Kwetu, mtu akifia mbali, dada yake hukata tawi la mti wa mvumu nyumbani, akalilaza pale alipofia, akamwita jina, kisha akalibeba bila kulitua na kulipanda nyuma ya nyumba. Hapo mtu amerudi. Mama alikuwa hajafanya hivyo kwa sababu ya baba, aliyekuwa katekista.

“Bafu bako mukononi mwa Mungu,” baba alikuwa akisema kuhusu wafu. “Habasafiri na matawi.”

Mama hakubishana. Aliendelea tu kuita, ili kaka yake asilisahau jina mpaka siku ya kumrudisha ifike.

Msimu mmoja wa mvua mama aliugua sana, na katika homa aliita jina lilelile. Alipopona, baba alichukua panga, akakata tawi mwenyewe, akaliegemeza mlangoni.

“Basi, enda,” alisema, akitazama pembeni. “Mungu ataona ni muti tu.”

Tulipofika konani, ukungu ulikuwepo. Rundo halikuwepo. Watu wa barabara walikuwa wamepanua njia na kuuchimba mlima ubavuni. Mama aliuliza mawe yako wapi.

“Mawe?” Kapita, kijana mpole, alitabasamu. “Yalikuwa mazuri sana, Mama. Tulijaza nayo mashimo, toka hapa mupaka kwa daraja.”

Mama alisimama na tawi begani, asijue alilaze wapi. Lori lilipiga honi, akasogea. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote: “Bamemutia mu barabara mara mbili.”

Alililaza tawi katikati ya njia, akaita, akaliinua, tukarudi kulipanda nyuma ya nyumba. Mvumu ulishika, ukachipua. Lakini mvumu hushika popote, na mama alilijua hilo. Alikuwa akiutazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyefanana na ndugu yake.

Nilikuwa tayari mbali na nyumbani nilipoelewa kwamba tuliyemkimbia hakuwa na njaa ya watu. Alikuwa kijana anayengojewa kwao. Wapita njia wote walimpa mawe, na mmoja tu akampa jina lake.

Leo asubuhi, baada ya kusitasita sana nyuma ya pazia, nilifungua dirisha nikawauliza wale wavunja mawe wanaitwa nani. Walitazamana. Mmoja akaficha nyundo yake nyuma ya mguu.

“Kwa nini, dada?” akaniuliza. “Unataka kutushitaki kwa kapita?”