Adam Masizi, Fayamani wa Lindi

Leo usithubutu kumwita Adam Masizi mbele ya mama yake, atakumwagia maji ya sabuni mwili mzima. Lakini jina lenyewe alilipata kwa haki yake, tena mchana kweupe, Lindi nzima, kile kijiji cha Kibra, ikitazama, mwaka wa pili tangu reli mpya ipitishwe Kibra.

Adam Abdelrahim alikuwa muosha injini kwenye shedi ya reli, Nairobi. Miaka minne alikuwa akiingia matumboni mwa injini zilizopoa, anasugua, anatoka mweusi tititi, meno tu ndiyo yanayoonekana. Baba yake marehemu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na vijana wengi wa Kibra waliota magwanda na bunduki. Adam aliota moto. Wallahi, moto! Kifuniko cha sufuria kikianza kurukaruka jikoni, yeye anaacha mazungumzo katikati, anakitazama mpaka chai inamwagika. Mama yake, Mabrouka, dobi ambaye kamba zake za kuanikia nguo zilikuwa kando kabisa ya reli, alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu nilimzaa, sikumwumba. Msiniulize."

Kazi aliyoitamani ilikuwa ya fayamani, yule anayelisha moto wa injini. Udereva kwa mtu mweusi siku zile ulikuwa ndoto za Alinacha, lakini mlango wa ufayamani ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na Adam alishautia mguu. Mtihani wake ulikuwa mmoja: pandisha gari la mizigo kutoka Nairobi hadi Kikuyu, mlima mtupu, inspekta amekusimamia kisogoni, na mshale wa stimu, yaani nguvu ya mvuke, usishuke chini ya alama nyekundu. Unapewa nafasi mbili. Ukianguka zote mbili, utaosha injini mpaka uote mvi.

Injini zile hazikula kuni wala makaa, zilikula mafuta mazito. Fayamani anakaa kitini pake, mkono kwenye valvu ya mafuta, jicho kwenye kioo cha maji, jicho kwenye mshale, na jicho la tatu, kama Mungu amemjalia, kwenye bomba la moshi. Mafuta yakizidi hewa, moshi unakuwa mweusi. Yakipungua, moto unadhoofu. Ukiona moshi mwepesi wa kijivu, kama wa udi chumbani, basi hapo mambo ni sawasawa.

Adam aliyajua yote hayo kwa moyo. Tatizo ni kwamba njia ya kwenda Kikuyu inapita kwao.

Mtihani wa kwanza uliangukia siku moja kabla ya Idd. Dereva alikuwa Kalasinga mmoja mzee, mpole, mwenye ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri. Wakatoka Nairobi vizuri, mshale umetulia. Kona ya Kibra ilipotokea, Adam akaona watu wamejipanga. Wazee wa Keya wamevaa medali zao, wanawake wamejifunga gurbaba, vitambaa vyao vya sherehe, mikono iko juu! Mtoto wa Lindi yuko ndani ya injini! Utamlaumu? Mimi nisingejizuia. Akatoa kichwa na bega zima dirishani, na mkono uliobaki ndani ukafungua valvu ya mafuta mpaka mwisho.

Lo! Moshi ukapanda mweusi, mnene, mrefu kuliko msikiti. Vigelegele vikalia, wazee wakapiga saluti. Adam akapunga mkono na machozi yakimlengalenga.

Kisha ule moshi ukashuka. Ukashukia wapi? Kwenye kamba za Mabrouka, na kanzu za Idd za nusu ya Lindi zilikuwa zimeanikwa pale, mbichi bado. Na mbele, kabla ya Dagoretti, mshale wa stimu ukaanza kushuka. Adam akaongeza mafuta, ukazidi kushuka. Gari likakohoa, likasimama mlimani. Inspekta, Mzungu mwembamba asiyepoteza maneno, akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akaliweka mfukoni.

Kesho yake wanaume wakaenda kuswali Idd wana madoa kama kanga. Mtu mmoja akasema, "Haya ni masizi ya Adam." Jina likashika hapo hapo. Mabrouka alizirudia kanzu zote siku tatu, bila kuzungumza na mwanawe, akimpa chakula kwa kusukuma sahani tu.

Kilichomuuma Adam zaidi ni kwamba hakuelewa. Mafuta aliongeza, mbona joto lilipungua? Jibu alilikuta Jumatatu shedini, maana aliyepewa kuiosha injini ile ile alikuwa nani kama si yeye? Akaingia ndani na taa na brashi. Mabomba yanayopitisha moto katikati ya maji yalikuwa yamevaa masizi mazito. Kalasinga akainama mlangoni, akamtazama.

"Gusa," akamwambia. "Hilo ni blanketi. Umevisha mabomba blanketi, halafu unataka maji yasikie moto! Moshi mweusi ni mafuta yaliyokimbia kazi, kijana. Wewe uliyafukuza, yakaenda kuchafua nguo za watu."

Adam alikaa mle ndani akacheka peke yake, mpaka wenzake wakadhani amevuta hewa mbaya. Kumbe! Kumbe ndivyo! Furaha ya kuelewa ilimpanda mpaka akasahau kwamba ameanguka mtihani.

Thuo, rafiki yake wa Kawangware, alikuwa ameshapita mtihani huo huo mara ya kwanza. Adam alipomuuliza alifanyaje, Thuo akajikuna kichwa. "Kwetu reli haipiti. Ningejionyesha kwa nani?"

Miezi sita ikafuata. Kila siku ya mapumziko Adam aliketi kando ya reli karibu na mabeseni ya mama yake, akihukumu moshi wa magari yanayopita. Mabrouka alinyamaza wiki ya kwanza. Wiki ya pili akashindwa, maana yeye moshi aliujua kuliko inspekta yeyote. Ndio uliokuwa adui wa riziki yake.

"Huyo mlafi," anasema, akisugua. "Tazama, mweusi mpaka mkiani."

"Na huyu, mama?"

"Huyu muoga. Moto wake umekaribia kuzima, moshi mweupe ule. Hafiki Kikuyu huyo." Na kweli, baadaye walisikia gari limesimama mlimani. Adam alijipiga mapaja akacheka kwa furaha. Alikuwa na mwalimu nyumbani, hakujua!

Usiku wa kuamkia mtihani wa pili, Mabrouka akamwuliza kwa sauti ya chini, "Niambie unapita lini, ili nisianike."

Adam alihisi uso unamwaka. "Kesho asubuhi. Na uanike, mama. Anika vyeupe vitupu."

Mama mtu akamkazia macho. "Shuka za hospitali hizo, Adam."

"Anika."

Asubuhi ikafika. Kalasinga yule yule, inspekta yule yule, daftari lile lile. Kona ya Kibra ilipokaribia, moyo wa Adam ulidunda mpaka akausikia kuliko injini. Alijua wamejipanga. Alijua medali zimevaliwa. Mkono wake ulikuwa kwenye valvu, na kidole kimoja, mshenzi kile, kikataka kusukuma kidogo tu, kidogo tu, ili wajue ni yeye. Kalasinga alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho.

Adam akaukaza mkono. Macho kwenye kioo, macho kwenye mshale, macho kwenye bomba la moshi. Hakutoa hata pua dirishani. Weupe wa kamba za mama yake ukapita pembeni mwa jicho lake, ukaisha. Akasubiri vigelegele. Havikulia. Hakuna hata mtu mmoja aliyeita jina lake, na hilo lilimchoma, tusidanganyane.

Lakini mshale! Mshale ulikaa juu ya alama nyekundu Kibra, ukakaa Dagoretti, ukakaa mpaka Kikuyu, umesimama wima kama askari wa gwaride. Inspekta akatoa daftari, akaandika, akampa karatasi yenye muhuri. "Fireman," akasema, akashuka. Kalasinga akamvuta Adam akamkumbatia, ndevu zikaingia grisi.

Alirudi Lindi jioni akikimbia tangu stesheni, karatasi imo kifuani. Alimkuta Mabrouka anakunja shuka peke yake, uso umemwanguka.

"Pole, mwanangu," akasema bila kumtazama. "Tumekungoja jua lote. Wazee wamesimama mpaka wamechoka, wamekwenda zao. Walikunyima injini, ee?"

Adam akapenyeza mkono kifuani kutafuta karatasi.

"Basi, yatapita," Mabrouka akaendelea, akipiga shuka kofi la kuinyoosha. "Lakini nikwambie, saa nne limepita gari moja, Adam! Mzigo mzito, mlima ule, na moshi wake kama udi. Nimezipekua shuka hizi moja moja, hakuna hata punje. Nikamwambia jirani, laiti mwanangu angefundishwa na fayamani yule."

Adam akatoa karatasi, akaiweka juu ya shuka.

Mabrouka hakujua kusoma, lakini muhuri aliujua. Akautazama. Akatazama shuka. Akamtazama mwanawe, uso safi, kola safi, masizi hakuna. Kisha shuka ya hospitali ikaanguka kwenye tope, wala hakujali, akapiga kigelegele kimoja kirefu, kile alichokuwa amekibana tangu asubuhi, na milango ya Lindi ikaanza kufunguka.